Kurasa Mbili Zilizoshikana

Bigo, Bunia, Jumapili mchana

Masika mwanangu,

Barua hii usisomewe na mtu. Mama yako akitaka kukusomea, mwambie mama mudogo amekataza. Baba yako vilevile. Iweke chini ya nguo zako, na siku utakayojua herufi zote uitoe, uanze na neno la kwanza, ambalo ni jina lako. Hilo unalijua. Yanayofuata huyajui bado. Ndiyo maana nimeandika herufi kubwa, moja moja, bila kuziunganisha kama tunavyofanya sekondari. Na nimeandika ndefu kwa makusudi. Sitaki iwe fupi kiasi cha kuweza kuishika kichwani.

Labda utafika hapa mwaka ujao. Labda utakapofika utakuwa msichana mkubwa na utanicheka. Sawa. Nitangoja.

Mambo ya kuoga, kusalimia wakubwa na kutokaribia maji peke yako sitayaandika. Mama yako anayajua kuliko mimi, na ziwa liko mlangoni kwake. Mimi nina jambo moja tu, na kwa mdomo limenishinda. Unanijua. Mgeni akiingia uani, mimi ninaingia ndani. Mwalimu akiniuliza swali ambalo jibu lake ninalijua, sauti inakwama. Karatasi siiogopi. Kwa hiyo nimekaa nyuma ya jikoni, kwenye kile kiti chako kidogo, na kaye, daftari la shule, juu ya magoti. Wewe na koko wako, mama yangu mimi, mmekwenda kwenye chemchemi kuchota maji. Lori la Mahagi-Port linaondoka kesho asubuhi, na mifuko ya maharagwe imekwisha kupakiwa. Nafasi yako ni juu ya mifuko hiyo, karibu na mama yako.

Wenzangu darasani hucheka nikisema "mwanangu". Wananiambia, "Kavira, weye una miaka kumi na saba, uyo mutoto wa miaka kumi ulimuzaa wakati gani? Meno ya mbele ulikuwa nayo kweli?" Siwaelezi kwamba mama yako ni yaya yangu, dada yangu mkubwa, na kwamba kwetu mdogo wa mama ni mama, hana jina lingine. Siku yaya alipokuleta kutoka Mahagi-Port ili usome hapa mjini, ulikuwa na miaka sita na viatu vikubwa kuliko miguu yako. Alikushika bega akakusukuma kwangu. Akasema, "Kavira, nakuachia mutoto wako." Hakusema mutoto wangu. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na neno hilo nililichukua kama lilivyosemwa.

Sasa sikia nilivyolitunza.

Mwaka jana ulianguka darasa la tatu. La kwanza na la pili ulipita, kwa sababu kule mnafundishwa kwa Kiswahili, na mtoto mwenye masikio mazuri anaweza kufuata. Darasa la tatu Kifaransa kikaingia, ukaanguka. Ukalirudia. Watoto wa barabara yetu wakakupa jina. Ulikuwa ukipita na begi lako la kitambaa, wanasimama pembeni kama askari na kupiga saluti: "Doyeni, mbote. Muzee wa kalasi, utatuoa lini?" Wewe ulikuwa unacheka nao. Nilidhani huumii.

Mimi mwaka huu nilikuwa mwaka wa tano wa sekondari, upande wa ualimu. Mwezi wa kumi mwalimu wetu wa pedagojia akatoa kazi. Kila mmoja wetu achague mtoto anayeshindwa shuleni, amfundishe peke yake mwaka mzima, na kila juma aandike katika kaye jinsi mtoto huyo anavyoendelea. "Kwenye kalasi mwalimu anaona vichwa," alisema. "Nyinyi mutaona mutoto." Wenzangu walihangaika kutafuta, wakagonga milango ya majirani. Mimi sikutafuta. Nilifurahi, Masika. Hilo ndilo la kwanza ninalotaka ulijue. Kabla sijakuhurumia, nilifurahi kwamba mtoto anayeshindwa ninaye nyumbani, na sina haja ya kuzungumza na mtu nisiyemjua.

Unakumbuka tulivyofanya. Kila siku saa kumi, barazani, kitabu cha kusoma katikati yetu. Ninasoma mstari, unarudia. Ninasoma tena, unarudia. Kidole changu mbele, chako nyuma. Mimi nilifundishwa hivyohivyo. Na kwa kuwa nilipenda vitabu tangu mwanzo, sikuwahi kujiuliza ni kitu gani kinatokea kati ya kurudia na kusoma. Kwangu kilitokea chenyewe, kama jino. Nilidhani kwako kitatokea pia, tukirudia vya kutosha.

Kufika Noeli ulikuwa na somo la mbuzi, somo la mto na somo la mvua, yote kwa Kifaransa, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Na ulikuwa na sauti. Mimi ninasoma kama mtu anayeomba ruhusa. Wewe ulisoma hadi majirani wakageuka. Koko alikuwa akipita na beseni la muhogo anasimama.

"Kavira, mutoto anasoma?"

"Anasoma, mama."

"Mungu asifiwe. Nilizania kichwa yake iko ya jiwe, sawa ya baba yake."

Kwetu neno hili ni moja. Mtoto anayekwenda shule, tunasema anasoma. Mtoto anayefungua kitabu na kuona ndani yake kilichoandikwa, tunasema anasoma. Siku zile nilimjibu koko bila kuchagua maana, kwa sababu nilidhani zote mbili ni zako. Baadaye nilikuwa ninachagua, na koko hakujua.

Siku yenyewe ilikuwa mwezi wa tatu, mvua zimeanza. Ulikuja barazani na kikombe cha uji. Nilikukataza kula juu ya kitabu, lakini siku hiyo nilikuwa nimeinamia kaye yangu, ninaandika. Ninakumbuka hata nilichokuwa ninaandika, kwa Kifaransa kizuri: kwamba mtoto sasa anasoma bila msaada. Wewe ukaanza somo la mvua. Ulisoma ukurasa wa kwanza wa somo hilo, ukafungua unaofuata, ukaendelea. Kitu kikanifanya niinue macho. Nadhani ni jinsi ulivyomeza mate. Katikati ya ukurasa wa pili kuna neno refu, na mimi kila mara nikilifikia humeza mate kwanza kwa sababu ninaliogopa. Wewe ukameza mate palepale. Nilitaka kucheka. Kisha nikatazama kitabu.

Kurasa mbili zilikuwa zimeshikana kwa uji. Ulipofungua, ulifungua mbili pamoja. Mbele yako palikuwa na ukurasa wa mwisho wa somo, ule mfupi, wenye mistari mitano tu na chini yake peupe. Wewe ulikuwa unasoma ukurasa wa pili, ambao ulikuwa umefichwa na uji. Kidole chako kilipita mistari mitano ile, kikashuka. Kikaingia mahali peupe, ambapo hapakuwa na hata neno moja. Ukaendelea kusoma. Kidole kinatembea kushoto kwenda kulia juu ya karatasi tupu, kinashuka mstari, kinaanza tena kushoto, kwa utaratibu, kama nilivyokufundisha. Na mdomo wako haukukosea neno.

Ukamaliza. Ukanitazama.

Mimi nikasema, "Vizuri."

Nikachukua kitabu, nikakwambia nenda ukaoshe kikombe. Ulipoondoka nikazitenganisha kurasa kwa ukucha, polepole, zisipasuke. Nikafuta uji kwa pindo la sketi. Uliporudi kitabu kilikuwa safi, na mimi nikafungua somo lingine.

Nimetafuta sababu za siku hiyo mara nyingi, na ninazo nyingi, msomaji wa vitabu hakosi sababu. Nilikuwa nimekwisha kuandika ule mstari kwenye kaye, kwa wino. Juma lililofuata mwalimu wa pedagojia alitaka watoto watatu waje kusomea mbele ya darasa letu, na jina lako lilikuwa la kwanza. Niliogopa kukuvunja moyo. Hii ya mwisho ndiyo niliyojiambia mara nyingi zaidi, na ndiyo ya uongo kabisa. Hukuwa na moyo wa kuvunjika. Ulikuwa unadhani kusoma ni kile ulichokuwa unakifanya.

Kwa siku sita zilizobaki sikukufundisha herufi hata moja. Nilikukaririsha mvua.

Siku ile darasani ulivaa sare ya bluu na nyeupe aliyoipiga pasi koko, na nywele nilikusuka mimi. Darasa letu zima lilikuwa limekaa, na kwa mara ya kwanza nilisimama mbele ya watu bila kutafuta mlango kwa macho. Sikujua kwa nini. Sasa ninajua. Walikuwa wanakutazama wewe, na mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya mgongo wa mtoto. Kitabu nilikifungua mwenyewe. Ulisoma. Ulipomeza mate nilitazama sakafu. Walipiga makofi, na mwalimu akanyoosha mkono kukichukua kitabu, nadhani alitaka kukufungulia ukurasa mwingine. Nikakifunga kabla hajakishika, nikakirudisha kwenye begi kama mtu mwenye haraka.

"Sitwayeni Kavira," akasema, maana sote alituita raia, "uyu njo yule mutoto aliyeanguka?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Basi mwalimu wake wa kalasi aje kujifunza kwako."

Akanipa kumi na nane juu ya ishirini. Koko alipopata habari alichinja kuku. Firigisi, ambayo nyumbani kwetu huwekewa mwanaume, alikupa wewe. Ukaikata kwa meno katikati ukanipa nusu. Ukasema, "Hii ni ya mwalimu wangu." Niliila.

Mwezi wa saba ukaja mtihani. Sikuwepo, lakini mwalimu wako wa la tatu alikuja nyumbani na buletini ya matokeo yako mkononi, amekasirika, akamweleza koko kila kitu uani huku mimi nimesimama nyuma ya mlango. Aliandika ubaoni maneno mapya, mistari minne, akaita watoto mmoja mmoja. Ulipofika ubaoni uliyatazama maneno. Kisha ukaanza somo la mvua. Darasa lote likacheka. Akakwambia soma kilichoandikwa. Ukaanza tena mvua, kwa sauti zaidi.

"Mama, huyu mutoto iko na mchezo na miye," alimwambia koko. "Mji muzima unajua anasoma. Alisoma mbele ya sekondari. Kwangu anakataa. Ni kiburi."

Na kwenye buletini akaandika hilohilo, kwamba mtoto ni mbishi. Kwa kuwa ulikuwa umeanguka darasa moja mara mbili, shule ikasema nafasi yako apewe mwingine.

Koko alikuchapa kwa mwiko wa bugali. Hakuwahi kukuchapa kabla. "Hapa barazani unasoma, majirani wanasikia. Kwenye masomo unafunga kinywa. Unatukana nani, Masika? Unatukana mama yako mudogo aliyejichosha na weye?" Wewe hukulia. Ulinitazama mimi. Ulikuwa unangoja niseme, maana mimi ndiye mwalimu, mimi ndiye ningejua umekosea wapi. Niliingia ndani.

Jioni ulinifuata kitandani ukakaa ukingoni. Ukaniuliza polepole, "Mama mudogo, nilisoma mubaya? Nisome tena mvua usikie?"

Masika, nimesoma vitabu vingi kuliko wasichana wa barabara hii, na sijakutana na swali lililonipiga kama hilo. Na bado sikusema. Yaya akatuma habari kutoka Mahagi-Port: kama mtoto hasomi, arudi, kule kuna samaki wa kukausha na wadogo wa kubeba. Koko akakubali. Nilikuwa na majuma matano.

Asubuhi ya kwanza niliandika M kubwa kwenye udongo kwa kijiti nikakuuliza, "Hii ni herufi gani?"

Ukaitazama vizuri. Ukasema, "Ni ya kwanza."

"Ya kwanza ya nini?"

"Ya jina yangu. Iko ya kwanza."

"Inaitwaje?"

"Inaitwa ya kwanza."

Ndipo nikaanza kukuuliza maswali ambayo ningekuuliza mwezi wa kumi, kama kweli nilikuwa ninatazama mtoto na sitazami kaye. Nikakuuliza kuhusu darasa la kwanza. Ukaniambia ulikuwa na surua. Nami nikakumbuka. Ulilala nyumbani juma baada ya juma, macho yamefungwa, koko anakupaka majivu na mafuta. Uliporudi, wenzako walikuwa wamekwisha kujifunza vokali na wanaunganisha ma na me na mi. Hakuna aliyekuuliza kama unazijua. Mlikuwa wengi mno kwenye benchi moja. Wewe ukafanya kitu cha akili sana: ukawasikiliza wenzako na kusema walichosema, haraka, karibu pamoja nao. Miaka minne ulikuwa unasoma kwa masikio. Na mimi, niliyepewa mtoto mmoja peke yake ili nimwone, nikayapa masikio yale kazi zaidi.

Hukuwa na kichwa cha jiwe. Ulikosa majuma kadhaa tu, na hakuna mtu aliyerudi nawe kuyachukua.

Nilikata kartoni ya sabuni vipande sita nikaandika herufi za jina lako. M, A, S, I, K, A. Siku kumi tulikuwa na hizo tu. Ulizichukia. Ulisema ni kazi ya watoto wa la kwanza, na hilo lilikuwa kweli, na ulikuwa na haki ya kukasirika, ila hukujua umkasirikie nani. Siku moja nilikuwa ninachambua mchele na kitabu changu kimefunguliwa kando. Wewe ulikuwa chini barazani unacheza na vile vipande, unavipanga na kuvivuruga. Nikasikia unanong'ona. Ulikuwa unasema sauti moja moja, unarudi nyuma, unaanza tena. Haukuwa wimbo wowote ninaoujua. Hakuna mtu aliyekuwa amekutangulia.

"Mama mudogo," ukasema. "Njoo uone. Ndani yangu muko samaki."

Nikaja. Ulikuwa umevipanga vipande vilevile sita, S, A, M, A, K, I. Miaka yote nimeliandika jina lako na sikuwahi kuliona hilo. Nilikuuliza nani amekuonyesha. Ukanikasirikia kweli safari hii. "Hakuna mutu. Nilisoma."

Mchele nilioacha, kuku waliula, na koko alisema maneno mengi. Sikuyasikia.

Baada ya hapo tulifika mbali kidogo. Unajua herufi kumi na moja. Unasoma "kuku", "mama", "kiti", "sukari" ukipewa muda. Majuma matano hayakutosha, na mwaka mzima ungetosha, na mwaka huo nilikuwa nao. Hesabu hiyo ninaifanya kila siku.

Ijumaa nilikwenda nyumbani kwa mwalimu wa pedagojia. Nilisimama kwenye ua wake hadi mke wake akadhani ninauza kitu. Nilipomaliza kumwambia, alinitazama kama mtu aliyechoka. "Pointi zimekwisha kuingia, Kavira. Mwaka umekwisha. Unataka nifanye nini?" Akaingia ndani akanitolea kaye yangu. "Weye ni mwalimu muzuri," akasema. "Usijisumbue." Afadhali angenipiga. Karatasi unazoshika sasa zimetoka kwenye kaye ile, zile zilizokuwa zimebaki nyeupe mwishoni. Zilizoandikwa nimezitupa motoni jikoni.

Na leo, baada ya misa, nimemwambia koko na mama yako, aliyekuja kukuchukua. Wewe ulikuwa unaosha miguu karibu na pipa, sijui ulisikia nini. Koko alikuwa anatwanga majani ya muhogo ya sombe.

"Yaya, iko neno," nikasema.

"Sema basi. Weye kila siku iko neno, lakini haitoke."

"Masika hakuwa na kiburi. Hakujua kusoma. Miye nilijua tangu mwezi wa tatu, nikanyamaza."

Mtwangio ukasimama. Koko akasema, "Lakini nilikuuliza. Kila siku nilikuuliza, ukaniambia anasoma."

"Nilisema anasoma, mama."

"Sasa? Anasoma ni anasoma. Kumbe iko anasoma ingine?" Akautazama mkono wake, ule ulioshika mwiko siku ile. "Nilipiga mutoto," akasema, na hakuniambia mimi.

Mama yako alikutazama wewe pale kwenye pipa. Kisha akaniuliza, "Na weye ulipata ngapi?"

"Kumi na nane."

"Basi ile kumi na nane ni ya mutoto wangu."

Ndiyo mara ya kwanza alisema mutoto wangu mbele yangu. Ndipo wewe ukaja na miguu yenye maji, ukamwambia, "Mama, miye najua kusoma samaki." Naye akasema, "Samaki utaisoma kule mupaka uchoke," na akacheka kidogo, na macho yake yakajaa. Baadaye, wakati anafunga mizigo, aliniambia bila kugeuka, "Kule iko masomo ya misioni. Andikia direkta. Andika yote, usifiche kitu. Akikubali, mutoto atakaa la pili, wadogo wake nitawabeba miye. Akikataa, sijui." Barua ya direkta, mkuu wa shule ile, nimekwisha kuiandika. Imeshonewa ndani ya begi lako la kitambaa. Nimeomba akuanzishe pale surua ilipokukatiza, na nimemwambia usipoelewa utamtazama usoni na kurudia maneno yake vizuri sana, na asikubali.

Nawe, ukiwa hujui, useme sijui. Neno hilo sikukufundisha. Mimi mwenyewe nilikuwa silitumii, watu waliniita mwenye akili kwa sababu nilinyamaza. Leo nimelisema mara nyingi na mdomo bado uko mahali pake.

Siwezi kukuomba unisamehe wakati hujui kusoma ninachoomba. Ningekuwa ninakukaririsha tena. Kwa hiyo ombi hilo ninaliacha hapa, mbali, nyuma ya kurasa zote hizi, ulifikie kwa miguu yako. Ukilifikia na ukakataa, litakuwa jibu lako mwenyewe.

Ila nitahitaji kujua kwamba umefika. Kila juma mama yako humtumia koko kitunga cha samaki wakavu kwa lori, na juu yake hufunga kipande cha kartoni chenye jina la koko, kisichukuliwe na mwingine. Siku utakapousoma mstari huu, usimwambie mtu. Chukua kartoni ya juma hilo, na upande wa nyuma uandike neno moja. Usiandike Masika. Usiandike samaki. Hayo nitajuaje kama umeyasoma au umeyashika tu? Andika neno ambalo mimi sikukufundisha. Likiwa na kosa, liache na kosa lake, nitajua ni lako.

Ninawasikia mnarudi, koko anakugombeza kwa ajili ya maji unayomwaga. Nafunga kaye.

Mpaka siku hiyo, koko akiniuliza kama Masika anasoma, nitamjibu kwamba sijui. Lori huingia Bunia siku ya Alhamisi. Kartoni nitaigeuza mimi.

Mama yako mudogo,
Kavira